Perihan Atafuta Dalali wa Kupandisha Nyuki

Mwaka alipofariki mumewe Kazim, Perihan alibaki na mizinga zaidi ya mia ya nyuki, na hakujua hata lori linapatikanaje.

Si kwamba nyuki hakuwajua. Mimi ni jirani yake hapa Kozan tangu tulipoolewa, na nakuambia, kwa mambo ya nyuki Kazim ndiye aliyekuwa mwanafunzi. Perihan alikuja kwa mumewe na mizinga miwili ya mbao aliyopewa na babu mzaa mama, ilhali wenzake tulikuja na bangili. Mama mkwe alipoiona akasema, "Huyu kaniletea wadudu." Miaka ikapita, ile miwili ikazaa mingine, wakasomesha watoto wawili kwa asali, na mama mkwe mwenyewe akawa hanywi chai bila kijiko chake. Ila nyumba ile ilikuwa na mgawanyo wake. Yaliyo ndani ya mzinga yalikuwa ya mke, na ya barabarani yalikuwa ya mume.

Na ya barabarani si madogo. Maua ya michungwa yakishapukutika, bonde letu huwaka joto, na nyuki lazima wapandishwe nyanda za juu, huko Zara, zaatari, ile mimea ya harufu kali, inakochanua. Ni mwendo wa usiku mzima kwa lori. Kila mwaka Kazim alimpigia simu dalali mmoja mzee mjini Adana, wanataniana kidogo, na siku iliyotajwa lori linafika. Sasa mzee yule naye alikuwa amefunga ofisi akamfuata binti yake Ujerumani. Perihan alipopiga, simu ilijibu kwamba namba ile haipo tena.

Nyuki si viazi, useme hata wakichelewa wataliwa. Ukishafunga milango ya mizinga, kinachowapa uhai ni upepo wa lori linapotembea. Lisimame juani kidogo tu, wataanza kuhangaika. Wakihangaika joto linapanda, nta inalainika, masega yanaporomoka, na nyuki wanazama kwenye asali yao wenyewe. Hilo sisi wa Kozan hatukusimuliwa. Mwaka uliotangulia lilimpata Sabri, ambaye mizinga yake ilikuwa ng'ambo ya mfereji.

Perihan akaniambia, "Zekiye, twende kwa Sabri."

Nikamwambia, "Kumtonesha kidonda?"

"Nataka kujua alikosea wapi."

Tulimkuta kwenye ghala la matairi alikoajiriwa baada ya kupoteza nyuki. Alitukaribisha vizuri, akatuagizia chai, lakini Perihan alipotaja nyuki, mkono wake uliacha kukoroga.

"Dalali niliyempa mzigo hakuwa na lori," alisema. "Akamuuzia dalali mwingine, naye akamuuzia wa tatu. Dereva aliyekuja aliambiwa tu anabeba masanduku. Asubuhi akasikia usingizi, akaegesha kituo cha mafuta, akalala. Mimi nimetangulia, nasubiri kule juu, napiga simu. Yule wa kwanza anasema muulize wa pili, wa pili hapokei. Lori lilipofika, dada yangu, asali ilikuwa inachuruzika kwenye bodi mpaka barabarani."

Perihan akauliza polepole, "Kabla hujampa mzigo, ulimuuliza nini huyo dalali?"

Sabri akaweka kijiko mezani. "Nilimuuliza bei," akasema.

Usiku ule, kama alivyoniambia baadaye, Perihan alikaa kitandani akijiuliza mtu humuuliza dalali nini, kama si bei.

Kesho yake akaja shemeji yake Nurettin, mdogo wa marehemu Kazim. Nurettin si mtu mbaya. Ni mtu wa haraka, na tangu kaka yake alipozikwa alijiona ndiye mwenye kuamua.

"Shemeji, unajitesa bure," alisema hata kabla hajakaa. "Nina rafiki yangu, Ferdi. Malori yote ya Adana yako kwenye simu yake. Kesho nakupeleka, kesho kutwa nyuki wako Zara."

Tukaenda, watatu. Ofisi ya Ferdi ilikuwa ya vioo, baridi kama friji, na mwenyewe kijana mtanashati wa maneno matamu. Alimuita Perihan "mama yangu" mara nyingi kuliko wanawe wanavyomuita. Bei aliyoitaja ilikuwa ya chini hata Nurettin akanikonyeza.

Perihan akakaa wima kwenye kile kiti laini. "Lori ni lako?"

"Mama yangu, malori yote ni yangu."

"Ataendesha nani?"

"Dereva."

"Anaitwa nani?"

Ferdi akacheka, akamgeukia Nurettin. "Kaka, shemeji yako anatafuta lori au anatafuta mchumba?"

Nurettin naye akacheka. Mimi niliinamisha uso. Perihan alikuwa mwekundu hadi masikioni, maana alikuwa mjane wa miezi minne tu. Lakini hakunyanyuka.

"Amewahi kubeba nyuki huyo dereva?"

"Mzigo ni mzigo, mama yangu. Wewe usijali kabisa."

"Na likiharibika njiani, nampigia nani?"

"Haliharibiki."

Nilimfahamu vya kutosha kujua kwamba jibu hilo ndilo lililomtisha kuliko yote. Akasema atafikiri. Kwenye gari Nurettin alinung'unika mpaka Kozan. "Umenitia aibu kwa rafiki yangu. Ulikuwa unamhoji kama polisi."

Siku ya pili Perihan alinigongea mapema. Hakutaka kwenda na shemeji yake tena. Tulipanda gari la abiria mpaka Adana, kwenye uwanja mkubwa wa malori, mahali ambapo madalali wa zamani wana vibanda vyao vya bati. Hapo palikuwa na vumbi, harufu ya dizeli, na wanaume wanaokutazama kana kwamba umepotea njia ya kwenda sokoni. Perihan hakwenda kwa madalali kwanza. Alikwenda kwa madereva waliokuwa wamekaa kivulini wakila mkate na jibini, akawasalimu, akauliza, "Ndugu zangu, dalali gani hapa lori likikwama usiku hupokea simu?"

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Vahap. Ana ulimi mchungu, lakini hupokea." Mwingine akaongeza, "Hupokea ili akutukane, halafu ndiyo akusaidie." Wakacheka wote.

Vahap alikuwa mtu mnene wa miaka sitini hivi, dereva wa zamani aliyeacha usukani kwa sababu ya macho. Hakusimama tulipoingia. Perihan akaeleza haja yake, akitayarisha maswali yake kichwani, lakini hakupata nafasi ya kuyauliza, maana Vahap alianza kumuuliza yeye.

"Mizinga mingapi? Ya ghorofa moja au mbili? Wavu wa kufunika lori unao, au ni ule uliotoboka kama wa wengine? Kule Zara inashukia wapi? Lori linageuka hapo, au litarudi kinyumenyume? Mvua ikinyesha njia ni tope? Nani anasafiri na mzigo?"

Perihan alijibu yote. Lile la kugeuka lilimkwamisha, maana hilo Kazim ndiye aliyekuwa akilijua. Akafumba macho akikumbuka, akasema, "Linageuka kwenye kisima, kama halina tela."

"Haya," akasema Vahap. "Basi sikuchukulii."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Malori ninayo matano yamekaa hapo nje," akaendelea, "lakini dereva wa nyuki ninaye mmoja, anaitwa Isa, naye yuko Iskenderun na mzigo mwingine. Anarudi Ijumaa. Hao wengine watalala njiani. Ukiweza kungoja Ijumaa, njoo. Ukishindwa, nenda kwa mwingine, na Mungu akusaidie."

"Mzigo wangu hutamuuzia dalali mwingine?"

Vahap akavua miwani. "Mama, ningekuwa nauza mizigo ya watu ningekuwa nimekaa kwenye kibanda cha bati?"

Tatizo ni kwamba Ijumaa ilikuwa mbali. Mwenye shamba la michungwa ilikokaa mizinga alikuwa amekwisha kutuambia kwamba Jumamosi atapiga dawa ya wadudu, iwe mvua iwe jua. Isa akichelewa siku moja tu, nyuki wote wataokota sumu. Perihan akampa Vahap mkono na kusema Ijumaa.

Siku zilizofuata sizisahau. Joto lilipanda ghafla. Nyuki walianza kutoka nje ya mizinga wakaning'inia milangoni kama ndevu. Perihan aliwawekea vivuli vya magunia, akawajazia maji kwenye karai lenye mawe ili wasizame, na kila alipomaliza aliangalia simu. Nurettin alikuja kila jioni.

"Ferdi anasema lori lipo, hata leo."

"Nimeshatoa neno langu."

"Kwa mzee gani huyo, aliyekukataa? Shemeji, hawa nyuki ni jasho la kaka yangu. Wakifa, utasema nini?"

Perihan alikuwa amepiga goti mbele ya mzinga. Akasema bila kugeuka, "Kaka yako alikuwa anaogopa kuwafungua mikono mitupu. Jasho unalolisema lilikuwa linatiririka nyuma yangu."

Nurettin akaondoka bila kuaga. Perihan alilia baada ya gari lake kupotea, si kwa sababu ya maneno yake, bali kwa sababu alikuwa hana hakika kama Nurettin hakusema kweli. Huenda kwa lori la Ferdi nyuki wangekuwa salama juu mlimani kesho yake. Huenda ukaidi tu ndio uliomshika. Ndivyo alivyoniambia, akifuta uso kwa kitambaa chenye masizi ya bomba la kufukizia nyuki moshi.

Alhamisi alimpigia Vahap kuhakikisha. Hakupokea. Akapiga tena mchana, simu ikawa imezimwa kabisa. Mtu aliyesifiwa kwa kupokea simu! Perihan alikuwa amefungua namba ya Ferdi kwenye simu ile ile, kidole kiko juu yake, nami, nakiri, nilimwambia, "Piga tu, dada. Piga." Akatembea mpaka mwisho wa shamba akarudi. Hakupiga.

Magharibi Vahap ndiye aliyepiga. "Nimeona umenitafuta. Nilikuwa hospitali, wamenitia dawa ya macho, simu wameichukua. Kuna nini?"

"Nilitaka kujua kama kesho..."

"Nilisema Ijumaa. Leo ni Ijumaa?" Akakata.

Ijumaa jua lilipokuwa linazama lori likafika, na Isa akashuka, mwembamba, mpole, na kofia ya wavu yake mwenyewe mkononi. Nyuma yake akashuka Vahap, macho mekundu. Alizunguka mizinga, akavuta kila kamba, akamkaripia Isa kwa fundo moja. Wanaume wa jirani wakaja kupakia. Na ghafla nikamuona Nurettin naye, amekunja mikono ya shati, anabeba.

Isa akaondoka na lori, sisi wawili tukafuata na pikapu ya kuazima. Vahap alirudi Adana na Nurettin. Milima ya Pozanti tuliivuka vizuri, na alfajiri tukawa tumeipita Kayseri. Perihan alikuwa ameanza kufungua chupa ya chai. Hapo ndipo tulipoona taa nyekundu za magari yaliyosimama, mstari usio na mwisho. Karibu na Gemerek lori la kubeba mafuta lilikuwa limepinduka, na barabara imefungwa pande zote.

Lori likasimama. Jua likachomoza.

Mwanzoni sauti ilikuwa ya kawaida. Kisha ikaanza kubadilika. Ukikaa na nyuki utaijua, ni ngurumo ya chini inayopanda kidogo kidogo. Perihan alipanda ubavuni mwa lori, akaweka kiganja kwenye mzinga wa katikati, akakitoa haraka. "Zekiye," akasema, "wanaungua." Uso wake ulikuwa mweupe kama jibini. Polisi aliyekuwa anapita alisema njia haitafunguka kabla ya adhuhuri.

Akampigia Vahap. Mlio wa kwanza haukuisha.

"Mmekwama wapi?" Hakusalimu hata.

Isa akamueleza. Sauti ya Vahap ikatoka kali, tukaisikia wote. "Isa, geuza. Pita pembeni, wakipiga honi waache wapige. Nyuma yako, baada ya ghala la nafaka, kuna njia ya shamba mkono wa kulia. Kuna mkulima wa viazi vya kutengenezea sukari anaitwa Dursun, nilimbebea mavuno miaka kumi. Ana tangi la maji. Nampigia sasa hivi. Na wewe mama, usilie, funga mikono ya nguo."

Nilimwona Isa akigeuza lori lile katikati ya magari, watu wakimtukana, mmoja akigonga bodi kwa ngumi mpaka nyuki mmoja aliyetoroka wavuni akamfukuza. Njia ya shamba ilikuwa nyembamba, na lori liliinama upande mmoja kiasi kwamba nilifumba macho. Mkulima Dursun alikuwa ameshasimama mwisho wake na trekta na tangi, suruali ameivaa juu ya nguo ya kulalia.

Walimwaga maji juu ya wavu. Kisha Perihan akafanya lililokuwa gumu kuliko yote. Akaamuru wavu uvuliwe na milango ifunguliwe hapo hapo, juu ya lori, wakati nyuki wamekasirika. Isa angeweza kukaa kwenye kabini yake na kufunga vioo, maana yeye kazi yake ni usukani. Alivaa kofia yake akapanda upande wa pili. Wakaanza kufungua, mzinga kwa mzinga, na nyuki wakatoka kama moshi mweusi. Mimi na Dursun tulikimbilia nyuma ya trekta. Perihan aliumwa shingoni na vifundoni hata sikuweza kuhesabu, na Isa jicho moja lilifumba kabisa. Hawakushuka mpaka wa mwisho.

Kisha hakukuwa na la kufanya ila kungoja. Mke wa Dursun alituletea mkate, vitunguu na maziwa mgando. Perihan hakula. Alikaa chini akiiangalia ile mizinga ya katikati ambako milangoni kulikuwa kimya. Kutoka mmoja wao asali ilianza kudondoka, tone kwa tone, kwenye gurudumu. Vahap alipiga simu kila mara. Alikuwa hasemi mengi. "Wanaruka?" anauliza. "Wanaruka," Isa anajibu. "Haya."

Barabara ilifunguka mchana, lakini hatukuweza kuondoka, kwa sababu nyuki walikuwa mashambani. Mpaka giza lilipokaribia ndipo waliporudi, makundi kwa makundi, wakaingia nyumbani mwao juu ya lori kana kwamba hapo ndipo walipozaliwa. Sisemi wote. Wengine walipotea. Tukafunga tena, na Dursun akakataa malipo ya maji, akasema, "Mwambieni Vahap bado ananidai matusi."

Tulipofika Zara na kushusha kwenye ubaridi wa alfajiri, Perihan alifungua mizinga yote kwa mikono yake. Tisa ilikuwa imekufa. Mmoja wao ulikuwa mmoja wa ile miwili ya babu yake. Alimtoa malkia mfu kati ya nta iliyoyeyuka, akamweka kwenye kiganja, akakaa naye juu ya jiwe kwa muda. Kisha akaanza kuosha fremu.

Akampigia Vahap kumwambia. Nilitegemea amlaumu kidogo, au ajilaumu. Alisema tu, "Tisa, kaka Vahap. Iliyobaki yote iko hai."

Vahap akasema, "Mwakani tutapita njia ya Pinarbasi. Ni mbaya, lakini ina vijia vingi vya kuchepukia." Na mara hii hakukata kwanza. Alingoja mpaka Perihan akamuaga.

Asali ya mwaka ule haikuwa nyingi, maana nyuki waliotaabika huchelewa kujikusanya. Ilikuwa ya kutosha. Mwezi wa Agosti Nurettin alipanda mlimani na mkewe, wakakaa siku tatu. Siku ya mwisho, akiwa anafunga mzigo wake, alimuuliza Perihan kama anaweza kumpa namba ya Vahap, kwa ajili ya kusafirisha malimau ya shamba lake. Perihan akamwambia, "Nitakupa. Ila ukienda, mwache akuulize maswali yote, usimkatize. Na usimwambie una haraka."

"Kwa nini?"

"Atakutukana."

Wakacheka, wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mimi nilikuwa nachuja asali kwenye ndoo ya pili, na mikono yangu yote imenata.